Siku Tatu Kulabuni, Siku Tatu Daftarini

Katika gati za London, ambako karne ya 19 ziliteremshwa pembe za ndovu na karafuu zilizotoka Unguja, kuli hakuwa mtumishi wa tajiri yeyote. Alikuwa, kwa lugha yetu, kibarua, neno ambalo asili yake ni ile karatasi ndogo aliyopewa mtu kwa kazi ya siku moja ili aidai kwayo ijara yake. Kila asubuhi alisimama langoni na mamia ya wenziwe, msimamizi akawateua awatakao, na waliosalia wakaenda zao mikono mitupu. Mgomo mkuu wa mwaka 1889, ambao Ben Tillett alikuwa miongoni mwa viongozi wake na Kardinali Manning mpatanishi wake, uliwapatia peni 6 kwa saa, walakini desturi yenyewe ya kuteuliwa langoni haikuondoka.

Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliieneza bima ya ukosefu wa kazi, iliyoanza mwaka 1911 kwa tasnia chache, hata ikawafikia wafanyakazi walio wengi, makuli wakiwamo. Hapo ndipo ilipozuka mushkeli: mtu alipwaye kwa siku ahesabiwe kuwa hana kazi lini? Kanuni iliyotumika ilikuwa kwamba siku 3 za kukosa kazi ndani ya siku 6 zifuatanazo zihesabiwe kuwa muda mmoja ulioungana. Kwa hiyo aliyefanya kazi siku 3, kisha akatia saini daftari la ofisi ya kazi siku 3, alistahiki posho juu ya ujira wake. Bali aliyeitwa siku ya 4 alibakiwa na siku 2 tu, nazo hazikumpatia chochote. Makuli wakaiita hali hiyo siku tatu kulabuni, siku tatu daftarini, maana kulabu ndiyo iliyokuwa zana yao ya kunasia mizigo. Wako waliowashutumu kwa uvivu wale walioikwepa siku ya 4. Mimi nakataa katakata: mwenye watoto wa kulisha hana budi kupiga hesabu kwa mizani aliyowekewa, na mizani hiyo hakuitengeneza yeye.

Ernest Bevin, ambaye mwaka 1920 aliwatetea makuli mbele ya baraza la uchunguzi, alipokuwa waziri wa kazi wakati wa vita aliwaandikisha katika rejista, na mwaka 1947 mpango huo ukafanywa wa kudumu. Tangu hapo kuli aliyehudhuria akakosa meli alilipwa kwa kule kuhudhuria kwake, na madhali amelipwa, hakuwa tena na siku tupu ya kuipeleka ofisi ya kazi. Jambo hilo lilikuwa rehema kubwa, tena lilikuwa na gharama yake: sharti aitike kila wito na aifanye kazi yoyote atakayopewa, naye alikuwa amezoea tangu zama za babu yake kuichagua siku yake mwenyewe.

Tarehe 18 Septemba 1967 kazi ya kutwa ilikomeshwa, kila kuli akapewa tajiri wake wa kudumu na ujira wa juma. Siku iyo hiyo makuli wa Liverpool na wengi wa London waliweka chini kulabu zao wakagoma, na wale wa Liverpool walikaa majuma 6 kabla ya kurejea gatini.