KABABU ZA KUOKA BILA MKATE: CHAKULA HIKI KILITOKA WODINI (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza kuhusu kababu za "wanga kidogo". Nitawapa namna ya kupika, ila kwanza historia kidogo, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Kababu ya nyumbani tunaijua: nyama ya kusaga, viungo, na slesi mbili tatu za mkate uliolowekwa ili nyama iongezeke na ishikane. Toa mkate, weka yai, umeondoa karibu wanga wote. Lakini kumpunguzia mtu wanga hakukuanzia kwenye mambo ya kitambi. Kulianzia kwa wagonjwa wa kisukari, enzi ambazo dawa haikuwepo.

Mwaka 1797 John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika habari za mgonjwa wake, Kapteni Meredith. Alimlisha nyama na mafuta, nafaka akamkatia, na sukari kwenye mkojo ikapungua. (Aliagiza hata nyama iliyokaa siku nyingi na mafuta yaliyoanza kuvunda. Msiige!) Ya kupunguza unene yalivuma baadaye, 1863, pale William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, alipotoa kijitabu chake.

Halafu akaja Frederick Allen kule Marekani. Yeye alibana chakula chote, si wanga tu. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa binti, Elizabeth Hughes, aliyeanza kutibiwa naye 1919. Agosti 1922 alikuwa na miaka 14 na uzito wa kilo 20 hivi. Mama, mpime wako wa darasa la kwanza uone kilo 20 ni nini. Chakula kilimweka hai, lakini kilikuwa kinammaliza. Mwezi huohuo akaanza kuchomwa insulini Toronto, ambako ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja nyuma. Alikua, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafariki 1981.

Sasa nisikilize vizuri. Kupunguza wanga kunashusha sukari kweli. Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, dozi yako ilipangwa kwa ugali unaokula. Ukiacha ugali ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, mtu anaanguka. Ukiona dalili hizo kunywa maji ya sukari haraka. Na uongee na kliniki yako KABLA hujabadilisha sahani. Mjamzito vivyo hivyo. Mtoto mwenye afya usimkatie wanga, anakua huyo. Mpe kababu zilezile na wali wake.

Haya, jikoni. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, yai moja, kitunguu maji kilichokunwa kisha kukamuliwa (usipokamua zitamomonyoka), kitunguu saumu, tangawizi, kotimiri, pilipili manga, chumvi kidogo. Viringisha saizi ya ndimu. Oveni nyuzi 200, dakika 20 hivi. Huna oveni? Sufuria yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, kama unavyooka keki. Pasua moja katikati. Ikiwa bado ina wekundu, rudisha motoni: nyama ikishasagwa, vijidudu vya nje vimeingia hadi ndani.