Kukopa au Kuazima? Neno Moja na Historia ya Wanyama wa Msitu

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja na historia inayolizunguka. Wafugaji wa nyoka, sawa na wakuu wa bustani za wanyama, wana desturi ya kupeana wanyama kwa ajili ya uzazi. Mwenye chatu dume humpeleka kwa mwenye jike. Mayai yakianguliwa, makinda hugawanywa, na dume hurudi kwa mwenyewe. Jambo hili mara nyingi huitwa mkopo. Je, ni mkopo kweli?

Kiswahili hutofautisha kukopa na kuazima. Aliyekopa mchele huula, kisha hulipa mchele mwingine au thamani yake. Aliyeazima jembe hana budi kurudisha jembe lilelile. Kwa hiyo chatu yule ameazimwa, hakukopwa. Hata hivyo, jembe halizai jembe, ilhali mnyama huzaa. Wafugaji wa ng'ombe wa Afrika Mashariki walilitambua hilo tangu zamani. Mwenye mifugo mingi alimkabidhi jirani baadhi ya ng'ombe; jirani alipata maziwa, na hatima ya ndama ilitegemea mapatano yao. Mikataba ya leo ya kuazimana nyoka huandika mambo yaleyale: mnyama ni wa nani, makinda yagawanywe vipi, na akifa hasara ni ya nani.

Tukiwa na tofauti hiyo mkononi, tuitazame historia ya msitu wa Kongo. Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walikusanya wanyama kaskazini-mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Nyoka waliowakusanya walisafirishwa wakiwa wafu, na mwaka 1923 Karl P. Schmidt alichapisha maelezo juu yao. Elimu ya nyoka wa misitu hii, ile ya Yahuma ikiwa miongoni mwake, imejengwa kwa sehemu juu ya mikusanyo ya namna hiyo. Hapa hapakuwa na kukopa wala kuazima. Nyoka walichukuliwa tu.

Okapi alikuwa na safari tofauti, kwa kuwa alitakiwa akiwa hai. Okapi wa kwanza kufika Ulaya alitoka Buta, kaskazini ya Kisangani, akaingia Antwerp mwaka 1919. Hakumaliza miezi miwili. Mwaka 1937 mwingine alifika katika Bustani ya Bronx, New York. Katika miaka ya 1950 kituo cha Epulu, katika msitu wa Ituri, kilikamata okapi kwa mashimo, kikitegemea ujuzi wa Wambuti waliozijua njia za mnyama huyo. Mwaka 1957 ndama wa okapi alizaliwa Vincennes, Ufaransa, akakua. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa namna hiyo nje ya Kongo. Lakini wanyama hao waliondoka kwa idhini ya serikali ya kikoloni, na Mambuti aliyechimba shimo hakuulizwa uzao utakuwa wa nani. Kitabu cha nasaba ya okapi wa bustani zote za dunia hutunzwa Antwerp.

Linganisha na chura wa Kihansi, Tanzania. Chura huyu mdogo, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yake yalikauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx kwa makubaliano na serikali ya Tanzania. Wengi walikufa kabla watunzaji hawajajua mahitaji yao ya mwanga na chakula. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini mwaka 2010 vyura 100 walirudi, wakapokewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine walianza kurejeshwa Kihansi.

Ni dhahiri kwamba mkataba peke yake hautoshi. Kilichoazimwa hurudi iwapo mwenyewe ana mahali pa kukipokea. Dar es Salaam palikuwa na vyumba na watu waliofundishwa kazi hiyo. Epulu, tarehe 24 Juni 2012, wanamgambo walishambulia kituo, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakifugwa pale. Tangu siku hiyo swali la okapi halikuwa tena la haki ya kudai uzao peke yake. Lilikuwa pia la usalama wa zizi.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza neno kuazima litumike katika mikataba ya namna hii, liwe ni la chatu mmoja wa mfugaji au la spishi nzima. Neno mkopo humwachia mpokeaji nafasi ya kulipa kwa kitu kingine, kama vile fedha au sifa. Neno kuazima humdai mnyama mwenyewe, na humdai mwenye mnyama pia: atengeneze mapema mahali pa kumpokea.