Plastiki inayooza: kimeng'enya kikae wapi?

Ukiona mfuko umeandikwa kwamba unaoza, usidhani plastiki hiyo itajimaliza yenyewe. Lazima kuwe na kitu cha kuikata, na mara nyingi kitu hicho ni kimeng'enya, yaani protini ambayo viumbe hai huitumia kukata au kuunganisha molekuli. Kwa karibu miaka mia sasa, wanasayansi wamehangaika na maswali mawili. La kwanza: ni kimeng'enya gani kinaikata? La pili lilichelewa sana: kimeng'enya hicho kikae wapi?

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1926 Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur, alieleza polyesta aliyoikuta ndani ya bakteria aitwaye Bacillus megaterium. Bakteria huyu huiweka kama akiba ya chakula, kama sisi tunavyoweka mafuta mwilini. Leo tunaiita PHB. Sasa fikiria: akiba usiyoweza kuila ina faida gani? Kwa hiyo plastiki hii na mkasi wake vilikuwepo zamani sana, kabla ya kiwanda chochote.

Je, mikasi hiyo inaweza kukata plastiki za kutengenezwa na binadamu? Mwaka 1977 Wajapani Tokiwa na Suzuki walionyesha kwamba lipase, vimeng'enya vya kukata mafuta, hukata polyesta pia. Mwaka 1981 D. F. Williams akaonyesha kwamba proteinase K hukata PLA, plastiki ambayo siku hizi hutengenezwa kwa sukari ya mimea kama mahindi.

Kazi imeisha? Wapi! Kimeng'enya ni kikubwa mno kupenya kwenye minyororo ya polima iliyobanana. Kikiwekwa nje, kinakula juu juu tu. Kinaanza na sehemu ambazo minyororo imekaa ovyo, na zile zilizojipanga kama fuwele zinabaki. Ndiyo maana PLA huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani, yenye joto la karibu nyuzi 60, lakini ikitupwa baharini hukaa miaka.

Jibu la swali la pili lilianza kuonekana kwa watu waliokuwa wakichora vitu vidogo mno. Mwaka 1999 kundi la Chad Mirkin, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitumia ncha ya hadubini kama kalamu ya kuchovya wino, likachora mistari yenye upana wa nanomita 30. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walidondosha kimeng'enya kwa mrija mwembamba sana juu ya utando wa protini. Pale kilipotua pakachimbika, pengine pote pakabaki salama. Somo likawa wazi: ukipanga kimeng'enya kikae wapi, umepanga kitakachokatwa.

Mwaka 2021 kundi la Ting Xu, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liliacha kupaka vimeng'enya kwa nje. Waliviviringisha kwa polima za kuvilinda, wakavitawanya ndani ya plastiki yenyewe, kwa kipimo cha nanomita. Lipase kiasi cha asilimia 0.02 tu ya uzito ilitosha kumaliza karibu polyesta yote ya aina ya PCL ndani ya siku chache, kwenye maji ya bomba ya uvuguvugu. Kikiwa ndani, kimeng'enya hushika ncha ya mnyororo na kuutafuna hadi mwisho, badala ya kuacha vipande vidogo vya plastiki. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa nao walitoa PLA yenye kimeng'enya ndani, inayosambaratika kwenye mboji ya nyumbani kwa wiki 20 hadi 24.

Bado kuna kazi. Joto la kiwandani huua vimeng'enya vingi, na plastiki haitakiwi kuanza kuoza ikiwa bado dukani. Lakini wewe msomaji unaweza kuanza leo. Ukisoma neno "inaoza", uliza: inaozea wapi, kwa joto gani, na mkasi wake uko ndani au unasubiriwa kutoka nje?