Dalili si Tishio: Historia Fupi ya Kuvinjari Baharini

Kabla ya kompyuta kutupatia neno kivinjari, kitenzi vinjari kilikuwa cha bahari: kuzungukazunguka na chombo kwa ajili ya ulinzi. Maana hiyo yafaa ikumbukwe, kwani mfasiri apatapo maandishi ya ulinzi wa bahari hukutana na kazi ile ile, ila ramani imeshika mahali pa jicho.

Mabadiliko hayo yalidhihirika mwaka 1942 mjini Liverpool, Uingereza. Afisa Gilbert Roberts, pamoja na wanawake wa jeshi la maji, waligawa sakafu ya chumba kwa miraba, wakapanga juu yake vifano vya meli, na kuyarudia hatua kwa hatua mapigano ya Atlantiki. Ilikuwa ikidhaniwa kuwa nyambizi za Ujerumani zilishambulia zikiwa nje ya msafara wa meli. Walipolinganisha umbali, mwendo na wakati, ilibainika kuwa nyambizi ilipenya usiku kutoka nyuma, ikapiga ikiwa ndani ya msafara. Adui hakuonekana, mahali pake palijulikana kwa hoja.

Kufikia mwisho wa mwaka 2004, kanuni za kimataifa zilizitaka meli za safari za nje zenye ukubwa wa tani 300 na zaidi ziwe na mtambo wa kutangaza jina, mahali na mwendo wake. Mlinzi huweza kutambua chombo kilichoacha njia, kilichopunguza mwendo pasipo bandari, au kilichokutana na kingine mbali na pwani. Lakini mvuvi naye huacha njia akifuata samaki. Tarehe 15 Februari 2012, nje ya pwani ya Kerala, India, wavuvi wawili waliuawa kwa risasi na askari wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta Enrica Lexie. Walidhaniwa kuwa maharamia.

Hapo ndipo istilahi inapogusa uhai wa watu. Mwendo usio wa kawaida ni dalili tu. Dalili kadhaa zikikubaliana, huzaa shuku. Tishio ni pale nia na uwezo wa kudhuru vinapothibitika. Mfasiri aandikaye tishio mahali pa dalili amekwisha kumhukumu mvuvi kabla mlinzi hajamfikia. Yafaa basi maneno haya matatu yatenganishwe katika tafsiri zetu, na yafundishwe hivyo madarasani.