Sauti na Picha: Juu ya Kulinganisha Matoleo ya Sinema, toka Vugiri hata Mabandani

Wanafunzi wa ushairi wetu wamezoea kazi ya kulinganisha hati. Asomaye Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hatosheki na chapa moja. Hulitandaza toleo la William Hichens la mwaka 1939 kando ya lile la James de Vere Allen la mwaka 1977, akauliza kila mhariri amefuata nini na ameacha nini. Kazi hiyo haionwi kuwa ni ukaidi wala kupoteza wakati, maana kila mtu ajua kwamba utenzi haufiki kwa msomaji ila kwa mkono wa mtu, na mkono wa mtu hubadili.

Sinema haijapata heshima hiyo kwetu. Aghalabu twaitaja filamu kama kwamba ni kitu kimoja kisichobadilika, kilichotoka kiwandani kikafika machoni petu kama kilivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Na kwamba katika nchi yetu, kipande cha sinema kinachobadilika zaidi, na kupotea upesi zaidi, ni kile kimhusucho mwanachuo wa Kiswahili, yaani sauti.

Na tuanze mbali, ili tupate kipimo. Mwaka 1955 Jules Dassin, Mmarekani aliyeihama nchi yake kwa sababu ya kufungiwa kazi kwa ajili ya siasa, alitoa Ufaransa filamu ya wezi iitwayo Du rififi chez les hommes. Yatokana na kitabu cha Auguste Le Breton. Ndani yake mna wizi wa duka la vito ambao huchukua yapata nusu saa, na katika muda huo wote hapasikiki neno la mtu wala ala ya muziki. Kuna mlio wa vyombo vya kazi na pumzi za watu tu. Sehemu nyingine za filamu zina maneno mengi, nayo ni maneno ya mitaani ya Paris. Hata neno rififi lenyewe, lenye maana ya ugomvi wa watu wakali, lilikuwa geni kwa wengi, hata filamu ikalazimika kuwa na wimbo wa kulieleza.

Ilipovuka bahari filamu hiyo ilionyeshwa kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na pia kwa sauti za Kiingereza zilizobandikwa juu ya vinywa vya Wafaransa. Baadaye ikaingia majumbani: kampuni ya Criterion ya Marekani iliitoa kwa DVD mwaka 2001, na kwa Blu-ray mwaka 2014. Mwenye kulinganisha matoleo ya namna hii hutazama usafi wa picha, weusi wa vivuli, na ufasiri wa maneno. Hapo ataona jambo la ajabu. Ile nusu saa ya wizi haina tafsiri, basi haiwezi kufasiriwa vibaya. Mtazamaji wa Paris na wa Chicago huisikia sawasawa. Wafasiri huachana pale watu wanapofumbua vinywa. Lakini Mfaransa hana hofu, kwa kuwa sauti ya asili imehifadhiwa pamoja na picha, na kila tafsiri yaweza kurudishwa kwake ihukumiwe.

Sasa tuje kwetu, ambako hukumu ya namna hiyo ni ngumu. Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kuna mahali paitwapo Vugiri. Hapo, tangu mwaka 1935 hata 1937, palikuwa na makao ya kazi iliyoitwa Majaribio ya Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mwenye wazo alikuwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliyekwisha kuchunguza hali ya wafanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Mwenye kuongoza upigaji wa picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyepata kusimamia mashamba ya katani Afrika Mashariki, na ambaye humo mashambani ndimo alimofikiri kwanza kwamba sinema ingeweza kuwatuliza wafanya kazi. George Latham alikuwa mwenziwe katika mambo ya elimu. Filamu 35 zilitengenezwa, juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na hadithi. Zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Jambo la kutazamwa sana ni namna sauti ilivyowekwa. Filamu za Vugiri zilikuwa za upana wa milimita 16, na ukanda wenyewe haukubeba sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, zikachezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa na taabu zake: sahani ikitangulia au ikichelewa, neno na tendo huachana. Lakini ilikuwa na faida kubwa. Picha ile ile iliweza kusemeshwa Kiswahili hapa, Kisukuma pale, na Kikuyu, Kiganda au Kinyanja kwingine. Picha ilikuwa moja na sahani zikawa nyingi, maana yake filamu moja ilikuwa na matoleo kadha tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Mfano mzuri ni filamu juu ya Benki ya Akiba ya Posta, ambayo kwa kweli nayo ni hadithi ya wizi. Watu wawili wamelipwa mshahara. Mmoja afukia fedha zake, mwizi azichukua. Wa pili apeleka zake posta, nazo zasalimika. Picha yatuonyesha shimo, mkono na fedha. Haituambii kama aliyeibiwa ni mpumbavu wa kuchekwa au ni maskini wa kuhurumiwa. Hilo ni kazi ya msemaji wa sahani. Ukisema "mjinga huyu", hadhira itacheka. Ukisema "ndugu yetu huyu", itasikitika, na pengine itauliza kwa nini mtu wa shamba la katani asiamini dirisha la posta la serikali. Kwa picha ile ile, hizo ni filamu mbili.

Wala Kiswahili cha sahani hakikusikika kwa namna moja kila mahali. Kwa Msambaa wa Korogwe, na kwa Mzigua wa Handeni, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya shule na ya kambi ya kazi, na lugha ya nyumbani ilikuwa nyingine. Onyo lililotolewa kwa Kiswahili lilisikika kama neno la mtu wa baraza, si la mjomba. Mwenye kuandika historia ya sinema ya Vugiri kwa kutazama picha peke yake ameandika nusu ya historia.

Na nusu hiyo nayo imepungua. Mwaka 1937 serikali za Afrika Mashariki hazikukubali kuendelea kuigharimia kazi ile, nayo ikafungwa. Mwaka huo huo Notcutt na Latham wakatoa kitabu juu yake. Katika hifadhi ya sinema ya Uingereza zinajulikana kubaki filamu tatu tu kati ya zile 35: moja juu ya safura, moja juu ya mafunzo ya utabibu wa wanyama, na moja juu ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Sahani za santuri, zilizobeba Kiswahili, hazikupata utunzaji hata wa kadiri hiyo. Waliohifadhi walidhani kuwa filamu ni picha.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya kale. Lakini yamerudi kwa mlango mwingine. Kanda za video zilipoenea, ilizuka nchini sanaa ya kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Msimulizi husema juu ya sauti ya asili: afasiri, aeleze, atie mzaha, na amwonye shujaa asiyemsikia. Aliyesifika sana ni Derek Mukandala, aliyekuwa kapteni jeshini, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Simulizi hizo zilitoka mabandani zikaingia katika kanda na sahani za kuuzwa, zikafika miji midogo kama Korogwe na Handeni, mikononi mwa watu ambao wasingeweza kufuata Kiingereza wala Kichina. Filamu moja hupata wasimulizi wawili au watatu, kila mmoja na lafudhi yake na hukumu yake juu ya mwizi na askari. Msimulizi wa banda hawezi kunyamaza nusu saa kama wezi wa Dassin. Kimya chenyewe atakijaza. Je, ameiharibu filamu, au ameitunga upya? Swali hilo halijibiwi ila kwa kuweka toleo kando ya toleo.

Lakini kanda huoza, sahani hukwaruzika, na mashine za kuzichezea zatupwa. Filamu ya kigeni yenyewe haitapotea, kwa kuwa ina wenyewe huko itokako. Kitakachopotea ni Kiswahili kilichosemwa juu yake, kama kilivyopotea cha Vugiri. Basi anayekusanya hati za tenzi na akusanye na hizi. Aandike jina la msimulizi, mji uliotoa kanda, mwaka, urefu wa filamu na mahali palipokatwa, kisha ainakili sauti yote, pamoja na mzaha na makosa yake. Vyuo vyetu havihitaji fedha za Carnegie kuianza kazi hiyo. Vyahitaji kukiri tu kwamba maneno yaliyonenwa juu ya picha ni matini, na kwamba matini haisomwi vizuri ikiwa hatujui toleo gani liko mkononi mwetu.