Maksai wa Manibe na Picha Isiyosema Yote

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Manibe, karibu na mji wa Arua, nilipiga picha ya maksai wawili wakikokota plau, mjomba wangu akiwa nyuma ameishika. Nilimwonyesha bibi nikidhani atafurahi. Akaitazama, kisha akauliza: "Na sisi tunaopalilia tuko wapi?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Mtu akiiona picha ile anaweza kudhani kwamba Walugbara wamelima kwa ng'ombe tangu zamani. Sivyo. Kwa muda mrefu shamba lililimwa kwa jembe la mkono, na ng'ombe alikuwa mali ya mahari na sadaka. Plau ya ng'ombe ilienea Uganda kuanzia Teso, takriban mwaka 1910, pamoja na kilimo cha pamba. Huku West Nile, wakoloni walitafuta zaidi vibarua. Wanaume wengi walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Buganda na Busoga, na nyumbani jembe likabaki mikononi mwa wanawake.

Kisha yakaja mapigano ya mwaka 1980, baada ya Idi Amin kung'olewa. Watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Bibi anasema walipoteza ng'ombe wote, na picha za familia pia. Kwa hiyo maksai wale si mwendelezo wa mambo ya kale. Ni mali iliyoanzwa upya.

Tatizo hili si letu peke yetu. Tukiufuata mto Nile hadi Misri, tunamkuta nyati wa kufugwa apendaye maji, mnyama wa kawaida mashambani leo. Lakini katika michoro ya makaburi ya mafarao anayekokota plau ni ng'ombe. Nyati huyo aliletwa karne nyingi baadaye. Anayetumia picha ya leo kueleza jana atapotea.

Kwa maoni yangu, picha ni ushahidi mzuri wa siku moja. Mwanahistoria hana budi kuuliza nini kilitangulia, na nani hayumo.

Wakati wa palizi nilipiga picha ya pili: bibi na shangazi zangu wameinama katikati ya mtama. Humo hamna maksai. Nimeziweka zote mbili pamoja.