Kibanja na bustani ya mimea ya asili katika Bukoba na Muleba

Bustani ya mimea ya asili, kwa wakazi wa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, ni eneo la nyumbani lenye miti, vichaka, maua na nyasi za Buhaya (nchi ya Wahaya) kwenyewe, zilizopandwa au kuachwa zikue ili ndege, nyuki, vipepeo na wanyama wengine wapate chakula na mahali pa kuzalia. Mfano wake mkubwa ni kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mhaya. Kibanja kilianzishwa kulisha familia, hakikuanzishwa kulisha ndege. Lakini kwa kuwa wenyewe walipanda na kutunza miti ya kwao juu ya migomba, kimekuwa makazi ya viumbe wengi kuliko bustani nyingi zilizopangwa kwa kusudi hilo.

Si kila kilichomo ndani ya kibanja ni cha asili. Migomba yenyewe chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa aina za ndizi za kupika za Kagera na Uganda zimetokana na uteuzi wa wakulima wa ukanda huu kwa karne nyingi. Mahindi na maharage yalitoka Amerika. Kahawa ya robusta, kinyume chake, ni mmea wa Afrika ya misitu, na Wahaya waliichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha na kuitafuna, na kumpa mgeni kama heshima, muda mrefu kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890. Kwa hiyo thamani ya kibanja kwa wanyama haitokani na usafi wa asili yake. Inatokana na miti iliyo juu, vichaka vilivyo mpakani na majani yanayooza chini.

Mvua, udongo na ukavu

Bukoba inajulikana kwa mvua, na sifa hiyo huwapotosha wengi. Ukingoni mwa Ziwa Viktoria hunyesha takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Ukielekea magharibi mvua hupungua haraka, na upande wa Ziwa Burigi hushuka hadi milimita 1,000 au chini ya hapo. Mkulima wa Kamachumu na mwenzake wa magharibi mwa Muleba wanaishi wilaya moja, lakini bustani zao haziwezi kufanana.

Kuna ukavu mwingine, wa udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Bukoba na Muleba imetokana na mawe ya mchanga. Ina tindikali, na rutuba yake huoshwa na mvua hiyo hiyo inayosifiwa. Kati ya Juni na Agosti maeneo ya wazi hukauka kabisa. Kibanja hustahimili kwa sababu kimefunikwa: mbolea ya ng'ombe, majani makavu ya migomba na nyasi zilizokatwa nje huwekwa chini mwaka baada ya mwaka, na kivuli cha miti hupunguza jua. Mti uliopandwa nje ya kibanja hauna msaada huo, na ndiyo maana uchaguzi wa mti wa kupanda ni jambo zito.

Miti mikuu ya kibanja

Wa kwanza kutajwa ni omuhumula (Maesopsis eminii), ambao jina lake la kisayansi linamkumbuka Emin Pasha. Hukua haraka, hutoa mbao, na kivuli chake chepesi hakiizidi nguvu kahawa iliyo chini. Matunda yake yakiiva huwa meusi yenye zambarau, na hondohondo huyala na kutapika au kudondosha mbegu mbali na mti mama. Tabia hiyo, iliyo baraka hapa, imekuwa tatizo mahali pengine. Mti huu ulipelekwa Amani, katika Usambara Mashariki, wakati wa ukoloni. Hondohondo wa huko waliueneza msituni, na leo unahesabiwa kuwa mti vamizi katika msitu wenye spishi zisizopatikana kwingine duniani. Mti haupewi sifa ya uasili kwa kuwa ni wa Tanzania. Hupewa kwa kuwa ni wa eneo lile hasa, na mwenye bustani asisahau hilo anapopewa miche kutoka mkoa mwingine.

Omushambya (Markhamia lutea) hutoa maua ya manjano yanayovuta nyuki. Fito zake hutumika kuegemeza migomba yenye mikungu mizito, na ukikatwa huchipua tena, hivyo mwenye kibanja hapotezi mti kwa kuvuna mti.

Omutoma, wa jamii ya mikuyu (Ficus), ndio uliotoa magome ya kutengenezea nguo kabla ya kitambaa cha pamba kuenea. Kwa wanyama ni mti usio na mbadala. Mitoma haizai yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kijiji chenye mitoma kadhaa huwa na matunda hata katika miezi ambayo miti mingine haina kitu. Ndege, tumbili na popo huutegemea. Kila spishi ya mtini huchavushwa na nyigu wake mdogo maalumu, hivyo mtoma mmoja uliobaki peke yake katika eneo kubwa haumfai nyigu huyo, na kuipunguza mitoma kuna madhara yasiyoonekana haraka. Upandaji wake ni rahisi: kigingi kinene kinachozidi urefu wa mtu hukatwa na kuchimbiwa mwanzoni mwa mvua, nacho huota mizizi.

Mpakani huwekwa omulamula (Dracaena), alama ya mpaka ambayo majirani huiheshimu, na omubilizi (Vernonia amygdalina), kichaka chungu kinachojulikana kila nyumba kama dawa. Maua yake meupe hutembelewa na nyuki. Sokwe wa Mahale, kule Kigoma, wameonekana wakitafuna kiini cha shina lake wanapougua minyoo.

Nekta, kahawa na mnyauko

Robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Chavua lazima itoke kwenye mti mwingine, kwa upepo au kwa wadudu, na nyuki wanapokuwa wengi wakati wa maua mkulima hufaidika moja kwa moja. Kunyunyizia sumu ya wadudu wakati kahawa imechanua ni kujipunguzia mavuno.

Hapo hapo kuna mgongano. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa Kagera. Bakteria hao husambazwa na panga chafu, na pia na wadudu wanaokwenda kunyonya nekta kwenye ua dume la mgomba. Ushauri wa wataalamu ni kuliondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia kisu. Ushauri huo ni sahihi na ufuatwe. Lakini ua dume lilikuwa chakula cha nyuki na cha ndege aitwaye chozi kwa mwaka mzima, na linapoondolewa kijiji kizima pengo hubaki. Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na omushambya, omubilizi na mwamba ngoma (Erythrina abyssinica), unaotoa maua mekundu ukiwa hauna majani, na kwa chozi ni karamu.

Rweya si ardhi tupu

Kati ya vijiji hulala rweya, mbuga ya nyasi iliyo juu ya vilima na miteremko. Kwa karne nyingi imelisha ng'ombe na kutoa nyasi za kuezekea na za kufunika udongo wa kibanja. Katika miongo ya karibuni imepandwa mikaratusi na misindano kwa wingi, mara nyingi kwa jina la kurudisha uoto. Hili ni kosa linalostahili kusemwa waziwazi. Nyasi za rweya nazo ni mimea ya asili, na kuna viumbe wanaozihitaji zikiwa wazi. Mbayuwayu wa buluu (Hirundo atrocaerulea), ndege aliye hatarini kutoweka duniani, huzaliana kusini, zikiwamo nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kisha huja kukaa nje ya msimu wa kuzaa katika mbuga za nyasi za upande huu wa ziwa, zikiwamo za Minziro wilayani Missenyi. Akikuta mikaratusi hana pa kuwindia wadudu. Mwenye kipande cha rweya anayetaka kuwafaa wanyama anaweza kuacha sehemu isichomwe kila mwaka, na miti akaipeleka kibanjani.

Magharibi mwa Muleba

Kuelekea Burigi, ambako Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019, muhumula haustawi vizuri. Hapo bustani iige savana: migunga, mlama, mwegea ambao maua yake hufunguka usiku na kuchavushwa na popo, na mkindu kando ya maji. Miche ichimbiwe mashimo yenye kingo za kunasa maji, ifunikwe nyasi bila kugusa shina, na ipandwe mvua za vuli zinapoanza ili ifikie kiangazi cha Juni ikiwa na mizizi mirefu.

Tahadhari

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba, na Januari 2025 Biharamulo. Virusi vyake hubebwa na aina ya popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Kukata mitoma hakuondoi hatari hiyo. Kinachokinga ni kutoingia mapangoni, kutoshika popo, kutokula tunda lililong'atwa na kuosha matunda yote.

Hali ya sasa

Mkoa wa Kagera ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya 2022, na kibanja hugawanywa kila urithi unapogawanywa. Kinapokuwa kidogo, mti mkubwa ndio wa kwanza kukatwa. Kwa hiyo halmashauri, shule na vikundi vyenye vitalu vya miche havina budi kuotesha muhumula, mushambya na mtoma kwa wingi kama vinavyootesha mikaratusi, na warithi wakubaliane mbele ya mashahidi kwamba miti mikubwa ya kibanja itabaki imesimama hata mipaka ikichorwa upya.